Wewe usiyeamini, usimcheke anayeamini

Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani, mguu wa kushoto ameunyoosha, kanga ameivuta hadi kufunika vidole. Nilipita kumsalimia tu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, kisha nikasikia harufu. Nilipoinua upindo wa ile kanga nikakuta kidonda chini ya kidole gumba, pembeni kimeshakuwa cheusi, na nyuzi za soksi zimegandia ndani yake.

Nikamuuliza tangu lini. Akanyamaza. Binti yake ndiye aliyesema: vidonge vya sukari aliviacha miezi minne iliyopita. Kwenye mkutano wa maombi mhubiri mmoja alimwambia amekwisha kupona, na kwamba kuendelea kumeza dawa ni kumfanya Mungu mwongo.

Mimi siamini kwamba Mungu yupo. Ndugu zangu wanajua, na mama mdogo alikuwa wa kwanza kujua. Kwa hiyo hasira yangu siku ile ilipata pa kukimbilia upesi sana. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, mimi ambaye kila mwezi nilikuwa namnunulia dawa hizohizo, alijibu huku anaangalia mlangoni: "Ungenicheka. Kama siku ile ya mafuta."

Siku ya mafuta naikumbuka vizuri. Alikuwa amerudi na kichupa cha mafuta ya upako, amekifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba yai. Nikakichukua, nikasoma karatasi yake kwa sauti mbele ya wajukuu, nikasema haya ni mafuta ya kupikia yaliyopandishwa cheo. Watoto wakacheka sana. Yeye hakugomba. Alikipokea, akakirudisha kwenye leso, akaenda chumbani. Tangu hapo mambo yake ya kanisani hakunieleza tena, na kuacha dawa, kwake yeye, lilikuwa jambo la kanisani.

Alikatwa vidole viwili.

Nawaandikia wenzangu tusioamini, hasa vijana walioacha dini karibuni na bado damu inachemka. Mhubiri yule ana dhambi yake, na sitaacha kusema. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kukiona kile kidonda kikiwa bado malengelenge, na mtu huyo alikuwa amejifungia mlango mwenyewe kwa kicheko. Nilidhani naipiga imani. Imani haikusikia chochote. Aliyesikia ni mama mdogo.

Imani ni dai. Mtu anaposema maombi yameponya kisukari, hilo ni dai kama dai lingine lolote, na dai halina uso wa kuaibika wala moyo wa kuumia. Lipime, lihoji, likatae hadharani likistahili kukataliwa. Mwenye dai ni mtu mzima mwenye historia. Amezika watoto, amelea yatima, amekopa ada, na katika yote hayo kitu alichokishika, nacho hakikumwacha, ni hicho unachotaka kumnyang'anya kwa sentensi moja. Ukivichanganya hivi viwili utakosea njia zote mbili: ama utamdharau mtu kwa sababu dai lake ni bovu, ama utalinyamazia dai bovu kwa sababu mwenye kulisema unampenda.

Na wala usijidanganye kwamba aliyeamini hajui kufikiri. Aliyenifundisha mimi kudai ushahidi alikuwa katekista. Alitufundisha hesabu darasa la sita, na ukimpelekea jibu sahihi bila njia alikuwa anakupa sifuri. "Umepataje?" anauliza, chaki mkononi. Miaka mingi baadaye nilipoanza kuyauliza mafundisho ya kanisa swali hilohilo, lilikuwa ni swali lake. Mpaka leo yeye ni mwamini, mimi siye, na sijakutana na kichwa kilichotulia kama chake. Mimi mwenyewe nilizaliwa Hospitali Teule ya Muheza, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Siwezi kusimama nikasema dini haijafanya ila madhara wakati wakunga walionipokea waliamka alfajiri wakasali kabla ya zamu.

Lakini sitaki mtu anielewe kwamba nasema tunyamaze. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakakutane na Yesu. Watoto wadogo walikuwemo. Fundisho la namna hiyo halina haki ya kuheshimiwa na yeyote, na anayesema "tuheshimu imani za watu" mbele ya makaburi yale anatumia neno heshima vibaya. Angalia sasa kilichofuata. Baadhi ya waliookolewa waliendelea kukataa chakula, na mwezi Juni mwaka huo watu 65 kati yao wakafikishwa mahakamani Mombasa kwa kosa la kujaribu kujiua. Mifupa inaonekana, macho yameingia ndani, na wanasimama kizimbani! Kwangu mimi huku ni kumshtaki aliyeibiwa kwa kosa la kuibiwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba. Mimi nilibaki na swali lingine: ni wangapi kati yetu, siku zile, tuliandika mitandaoni kwamba ni wajinga, wamejitakia? Niliziona posti hizo. Wengi wa walioandika hivyo walikuwa upande wangu.

Fundisho lile ndilo lililopaswa kupigwa bila huruma. Wale 65 walihitaji uji, na mtu wa kukaa nao.

Hasira yetu ninaijua inakotoka. Ukisema huna dini unaulizwa basi kinakuzuia nini usiibe. Posa inavunjika. Mzazi anakusomea dua kama mgonjwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa mawazo na wa kuchagua katika mambo ya dini, lakini ukweni hawasomi ibara. Na hata hatuonekani: sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, ilhali kwetu Tanzania swali la dini halijaulizwa kwenye sensa tangu 1967. Dai haki zako, na udai kwa sauti. Ila anayekunyima haki ni mwajiri fulani, baba mkwe fulani, uamuzi fulani. Si yule mama wa jirani anayekuletea maandazi na kukuambia Mungu akubariki.

Hapo kwenye "Mungu akubariki" tunapoteza nguvu nyingi bure. Mtu akisema "Mungu akipenda tutaonana kesho" hajaleta mada ya mjadala, amekuaga. Nami huitikia "haya, tutaonana". Msibani, padri au shehe akiomba, mimi husimama, huinamisha kichwa, hunyamaza. Wafiwa hawakuniita nije kutoa maoni. Kwenye ndoa huimba, maana nyimbo nazijua na nazipenda. Meza ya Bwana siendi. Hubaki nimekaa kwenye benchi. Kwao kile ni kitu kitakatifu, na kukipokea huku siamini kungekuwa kuwadanganya.

Nasisitiza hili kwa sababu wapo wenzetu waliochagua kuigiza ili wasiudhi, na wanaita heshima. Mtu mzima ukimficha unachofikiri kwa kudhani hatastahimili, umemfanya mtoto. Mama mdogo aliniuliza mwaka jana, anachambua mchele kwenye ungo, bila kuinua macho: "Kwa hiyo wewe unaona naongea na hewa?"

Nilitamani kukwepa. Nikamjibu, "Ndiyo mama, mimi naona hakuna anayesikia."

Akatoa jiwe moja, akalitupa. Akatoa jingine. "Basi mimi nitaendelea kukuombea."

"Sawa mama."

Akaniambia nikamletee maji ya kuoshea ule mchele. Tangu siku hiyo ananiambia mambo mengi zaidi kuliko kabla ya yale mafuta. Nadhani ni kwa sababu sasa anajua nikikubali nimekubali, na nikikataa sitamgeuza mchezo mbele ya wajukuu.

Kuhusu dawa sikushindana naye kama Mungu yupo. Huo ungekuwa mjadala wa miaka, na kidonda hakisubiri. Nilimuuliza swali la mwalimu wangu: umejuaje umepona? Tukanunua kipimo cha sukari, tukapima asubuhi kabla hajala, siku saba mfululizo, yeye mwenyewe akiandika namba kwenye daftari la mjukuu. Siku ya saba alifunga daftari akasema, "Haijashuka." Sikuongeza neno. Mwezi uliofuata tukaenda kliniki pamoja, na mkutano wa yule mhubiri akaacha kwenda kwa hiari yake. Kanisani kwake bado anakwenda kila Jumapili, na kwaya ya kina mama haikosi.

Jioni nikiwa kwake namwekea vidonge kwenye kisahani. Hufumba macho, huweka mkono juu yake, na huviombea kwa muda mrefu, kila kidonge na sala yake, kisha watoto wake, kisha mimi kwa jina. Mimi hukaa na bilauri ya maji mkononi nikisubiri. Akisema amina, nampa.