Kuchambua Utendi wa Mwana Kupona: anza na anayesema

Mdogo wangu, umeuliza utachambuaje dhamira na wahusika wa Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia, wakati humo hamna hadithi, ni mama tu anatoa mawaidha. Nimeufundisha utendi huu kidato cha tano na cha sita, na swali lako hunijia kila mwaka. Wahusika wamo. Wa kwanza ni huyo mama mwenyewe, Mwana Kupona aliyeutunga kwa ajili ya bintiye, nawe ukimruka utaishia kuandika "dhamira ni utii wa mke kwa mume" na kalamu itakauka hapo.

Tazama anasema akiwa katika hali gani. Ubeti wa pili:

Maradhi yamenshika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ni mgonjwa wa mwaka mzima. Tena ni mjane: mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar, alifariki mwaka 1856, na utendi ukatungwa 1858. Bintiye, Mwana Hashima, bado ni msichana. Kwa hiyo anayesema ni mama anayehisi kwamba huenda asiwepo siku bintiye atakapoolewa, na nyumba yao imekwisha kupoteza nguzo. Darasani wasichana huanza kwa kuukasirikia utendi huu, na wana haki. Lakini niliposoma ubeti huo kwa sauti kisha nikauliza mama huyu anataka nini, mmoja alijibu kwamba anaogopa. Tangu siku hiyo naanzia hapo hapo. Hofu ya mama kwa mtoto atakayebaki peke yake ni dhamira, na ndiyo inayobeba zile nyingine zote.

Sasa rudi kwenye utii. Mama anasema radhi ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Anamtaka binti akae na mumewe kwa adabu, na mume akisema, "itahidi kunyamaa", yaani ajitahidi kunyamaza. Liandike hilo bila kulipaka rangi. Halafu soma anapomwelekeza amtunze mume "kama kijana asiyoyua kunena", yaani kama mtoto asiyejua kusema. Hapo nani anamwongoza nani? Mume analala, mke anampapasa na kumpepea, anaangalia kila kinachoingia na kutoka. Naamini mama anamfundisha binti namna ya kuishika nyumba katika jamii isiyompa mamlaka ya wazi. Wapo watakaokupinga, na wana beti za kukupinga nazo, zitaje.

Kumbuka pia kwamba anayehimiza kunyamaza ametunga beti zipatazo mia moja, tena mwanzoni anamwita binti aje na wino na karatasi. Mwanamke wa Pate karne ya 19, anatunga kwa mizani (silabi) nane kila mshororo, na mwishoni anawaita wanawake wengine wausome. Ukilinganisha anachokiagiza na anachokifanya, umepata mgogoro wa ndani wa mhusika, kitu ambacho muhtasari wa mitihani haukitaji kabisa.

Mwana Hashima hasemi neno, lakini mchore kutokana na anavyoambiwa: anajua kusoma, ataolewa, atajipamba kwa asumini. Maelezo mafupi ya sifa zake yatatosha.

Usiuache ubeti unaomkataza kutangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wengi huuruka kwa aibu. Mimi nadhani bila huo huwezi kuandika juu ya "nafasi ya mwanamke" katika utendi huu, maana mwanamke anayezungumziwa ni mwungwana peke yake, yaani asiye mtumwa. Yule mtumwa wa kike aliyekuwa humo humo nyumbani hana wasia alioachiwa. Hoja hiyo itie aya yake, na ubeti wenyewe uunukuu.