Maswali ya Wasomaji: Dola 12 kwa Mtumiaji, na Zilizobaki?

SWALI: Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Arua na tuna tawi Koboko. Kampuni moja ya nje inatuuzia programu ya stoo na uhasibu kwa dola 12 kwa mtumiaji kila mwezi. Tuko watumiaji 14. Bosi amepiga hesabu akapata dola 2,016 kwa mwaka, na anataka kusaini wiki hii. Nimuulize muuzaji nini? – Mhasibu, Arua

JIBU: Hesabu ya bosi ni sahihi, ila ni ya leseni peke yake. Na hata hapo ulizeni kama leseni zinauzwa kwa mafungu: zikiuzwa kumi kumi, mtalipia 20, yaani dola 2,880.

Kodi haimo. Kwa biashara iliyosajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), huduma inayonunuliwa nje hubeba 18%, na anayeiwasilisha URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ni mnunuzi. Basi 2,016 inafika karibu 2,379. Tena mtafute kwenye mkataba kifungu kinachosema muuzaji lazima apokee bei yake kamili bila kukatwa kodi yoyote. Kikiwemo, na malipo yakaangukia kodi ya zuio ya 15%, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka URA, ninyi ndio mtaibeba: ili yeye apate dola 100, mtatoa 117.65. Kifungu hicho kisomwe na mshauri wa kodi kabla ya saini.

Kazi kubwa iko kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa kutoa ankara za kielektroniki na kufuatilia stoo. Kila bidhaa husajiliwa huko kwanza, ikiwa na msimbo wa aina yake na kipimo chake, ndipo ankara itoke. Programu ya nje haiijui EFRIS mpaka mtu aiunganishe, na kwa kawaida kazi hiyo hulipiwa peke yake. Panapoharibika zaidi ni kwenye vipimo. Misumari mnanunua kwa katoni na kuuza kwa kilo. Mkisajili katoni tu bila kueleza ina kilo ngapi, stoo ya EFRIS na ya programu zitaachana mapema, na ankara itakataliwa huku misumari imejaa rafuni. Msikubali maelezo ya mdomo. Muuzaji awaonyeshe mauzo ya kilo 3, mteja akirudisha kilo 1, kisha mauzo mengine intaneti ikiwa imezimwa. Akisema jambo fulani linakuja toleo lijalo, lihesabuni kuwa halipo.

Halafu kuna usafi wa data, ambao muuzaji hauandiki kwenye bei kwa kuwa mshahara wa karani mnalipa ninyi. Simenti ileile imeandikwa kwa majina matatu, rangi moja ina misimbo miwili. Kwa bidhaa 4,000, karani hodari akisafisha 200 kwa siku, hizo ni siku 20 za kazi. Ongezeni mwezi mzima wa kuendesha mfumo mpya na wa zamani kwa pamoja. Mwezi huo wengi huufupisha, kisha wanashindwa kujua mzigo ulipotelea wapi.

Fundi wa kufunga programu akitoka Kampala, siku moja ya kazi hugeuka siku tatu kwenye ankara, pamoja na malazi. Ulizeni kama siku za njiani zinatozwa.

Kuhusu kuondoka: mkataba ukijihuisha wenyewe, andikeni kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kutoa notisi, na mdai kikomo cha kupandisha bei kila mwaka. Kipindi cha majaribio kikiwa bado hakijaisha, toeni data yote kwa faili za CSV (majedwali yanayofunguka kwenye Excel) na mhakikishe ankara za nyuma zimo, si orodha ya wateja tu.

Bosi asiposubiri, msaini miezi mitatu kwa watumiaji watatu wa Arua. Koboko iendelee na utaratibu wake wa sasa mpaka stoo ya Arua kwenye programu ilingane na mzigo uliohesabiwa kwa mkono, miezi miwili mfululizo.