Uza kochi kabla hujauza korosho zilizo mtini

Februari 2024 mama yangu aliugua, na nyumbani kwetu Ndanda, mkoani Mtwara, hapakuwa na hata shilingi 10,000. Huku kusini kila mtu anaijua miezi hiyo: fedha za korosho zimekwisha, mahindi bado mabichi. Sebuleni kulikuwa na seti ya makochi, runinga na friji. Sikuvigusa. Nilimwita mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa mitaani anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, akanipa shilingi 300,000 taslimu, nami nikamwahidi kilo 200 za korosho wakati mikorosho yangu haijatoa hata ua.

Oktoba minada ya korosho ikafunguliwa, kilo ikavuka shilingi 4,000. Piga hesabu mwenyewe. Hata ukiondoa makato ya chama cha msingi cha ushirika, mtu yule alipata zaidi ya mara mbili ya alichonipa.

Na nilikuwa nasali sana! Rozari kila jioni, nikimwomba Mungu anifungulie mlango. Jumuiya walipokuja kusali kwangu walikalia makochi yale yale, nami nikashukuru kwamba hakuna aliyejua hali yangu. Leo nakiri: nilichokiita kumtegemea Mungu kilikuwa aibu. Niliogopa majirani waone kochi langu linapakiwa kwenye guta.

Kilichonigeuza ni habari ya yule mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, naye anamlilia Elisha. Nabii hampi fedha. Anamuuliza ana nini nyumbani. Mama anajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta. Swali lile lilinikaa moyoni kwa miezi, maana ningeulizwa mimi ningejibu vilevile, sina kitu, huku nimekalia kochi. Tena, mafuta yalipokwisha kujaa vyombo vyote, bado aliambiwa aende akauze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Muujiza haukumwondolea kazi ya kuuza.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukiona hali inabana, uza mapema, kabla shida yako haijajulikana mtaa mzima, maana mnunuzi akijua umelala njaa bei inashuka palepale. Vya kukalia na kutazama vitangulie. Jembe, cherehani, bomba la kupulizia mikorosho, hivyo usiguse hata kidogo. Ukiuza bomba, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, utamaliza maua yako, na mwakani utarudi kwa mtu wa kangomba. Fedha ikiingia, lipa deni siku hiyohiyo. Ikilala nyumbani, asubuhi itakuwa imeshapata shughuli nyingine.

Na watoto waambie wenyewe, kabla guta halijafika.

Machi 2025 mama aliugua tena. Friji nilimuuzia dada mmoja aliyekuwa anafungua kibanda cha vinywaji, makochi yakachukuliwa na jamaa zake. Mwanangu wa mwisho alilia, nikamwacha alie. Bibi yake alitibiwa, na korosho zangu zilibaki zangu.

Wiki ile jumuiya ilikuwa zamu ya kwangu. Tukakaa mkekani, tukasali, wakaondoka. Mama mmoja akabaki nyuma, akajifanya anatafuta kandambili zake mlangoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule dada angehitaji pia kabati la vyombo.