Kwa nini ala ya bastola ya maigizo inalegea na kuchanika

Ndugu wa Mbarara umeuliza kwa nini ala (mfuko wa ngozi) ya ile bastola ya mbao ya kuigizia, mfano wa bastola ya Kimarekani ya Colt ya 1873, imelegea baada ya maonyesho mawili na kitanzi chake kuchanika. Kulegea kulianzia dukani, uliponunua ngozi.

Ngozi nyororo ya mikoba na viti huivishwa kwa kemikali ya kromu, nayo haishiki umbo hata uilowanishe mara ngapi. Tafuta iliyoivishwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 3.5. Ikate ukingo uitazame: ya magome ni kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu cha buluu katikati. Ya soli, ile ya mafundi viatu wa soko la Owino, Kampala, ni nene mno kukunja. Omba ya mgongo au bega, maana ya tumbo huvutika kama chapati mbichi. Makovu ya kupe si neno, ila yasiangukie kwenye mkunjo.

Ukipima, zungusha kwenye silinda (sehemu ya duara ya kuwekea risasi) kipande cha ngozi yenyewe, usitumie karatasi. Silinda ina kipenyo cha karibu milimita 42, na unene wa ngozi unakula sentimita nzima katika mzunguko. Ongeza milimita 12 za mshono kila upande.

Mshono uwe wa sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta, matundu ya msharasi (sindano ya kutobolea ngozi) kila milimita 4. Uzi mmoja ukikatika, mwingine unashika. Mshono wa charahani huweza kufumuka. Katikati ya mshono weka ukanda wa ngozi, la sivyo kilengeo cha mbele kitasaga nyuzi.

Kitanzi je? Ukikipasua kwa kisu tu, kitachanika kuanzia ncha za mpasuo. Toboa kwanza tundu la milimita 5 kila ncha, ndipo upasue kati yake.

Sasa umbo. Zamisha ala kwenye maji ya vuguvugu hadi mapovu yaishe, itoe, ngoja rangi ianze kurudi huku ngozi ingali baridi ukiigusisha shavuni. Funga bastola kwa kavera (mfuko wa plastiki), iingize, ukandamize kwa mgongo wa kijiko kuizunguka silinda. Maji ya moto hapana: ngozi hujikunyata ikawa kama ubao. Wala usiiache karibu na msumari au mkasi ikiwa mbichi, chuma huacha madoa meusi (limau huyafifisha, halimalizi).

Ianike kivulini siku mbili. Kwenu msimu wa mvua, hata nne. Mwisho nta ya nyuki na mafuta kidogo sana. Wengi humwaga mafuta wakidhani wanailinda, kumbe ndiyo yanayoilegeza tena.