Yuro 146 kwa Mwezi: Yaliyonikuta Nilipoomba Viza ya Kazi ya Ujerumani

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayetengeneza programu za kompyuta, ambaye amepata kazi Ujerumani baada ya usaili wa miezi kadhaa. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Mkataba nilisaini Desemba, mshahara ni yuro 44,500 kwa mwaka, na maombi ya viza ya Kadi ya Buluu nitayapeleka mwezi huu. Nyumbani wameunda kamati ya kuniaga. Una ushauri wowote?" Nilipolisoma neno Desemba nilishtuka, na nilipofika kwenye kamati ya kuaga nikaiweka simu chini kwanza. Ni kana kwamba mtu alikuwa ananisimulia maisha yangu mwenyewe, tofauti ikiwa tarakimu chache tu. Nimemjibu faraghani, lakini naona jambo hili linawahusu wengi mnaonisoma, kwa kuwa najua wengi wenu mna vyeti vizuri na mnatazama huko huko nilikotazama mimi.

Mimi ni mhandisi wa umeme. Mwezi Novemba 2024, nikiwa na miaka sita ya kazi Dar es Salaam, nilisaini mkataba na kampuni ndogo ya mjini Leipzig inayosanifu mitambo ya umeme wa jua ya kufungwa juu ya mapaa ya viwanda. Mshahara ghafi ulikuwa yuro 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka, na kazi ilitakiwa kuanza tarehe 1 Aprili 2025. Sitawachosha kwa habari za usaili. Itoshe kusema kwamba niliposaini nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu: kwa taaluma zenye upungufu wa watu, uhandisi ukiwamo, Kadi ya Buluu, yaani kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu, hasa wenye shahada, kwa mwaka 2024 ilidai mshahara usiopungua yuro 41,041.80, na mimi nilikuwa juu ya kiwango hicho kwa yuro 958 na ushee. Nikaufunga ukurasa ule na sikuufungua tena.

Jambo ambalo sikulisoma, ingawa lilikuwa limeandikwa mistari michache tu chini yake, ni kwamba kiwango hicho hakikai mahali pamoja. Kinakokotolewa kutokana na kikomo cha mshahara unaokatwa mchango wa pensheni nchini Ujerumani: asilimia 50 ya kikomo hicho kwa taaluma za kawaida, na asilimia 45.3 kwa taaluma zenye upungufu. Kikomo hupandishwa kila Januari kadiri mishahara ya nchi nzima inavyopanda, na viwango vya viza hupanda nacho. Kwa mwaka 2025 kiwango changu kilikuwa yuro 43,759.80. Mkataba ulikuwa haujabadilika hata herufi moja, lakini usiku mmoja wa mwaka mpya uliuacha ukipungukiwa na yuro 146 na senti 65 kwa mwezi.

Mtauliza kwa nini sikupeleka maombi Desemba ileile. Jibu lake linaniaibisha hadi leo. Sisi watu wa Kilimanjaro Desemba hatukai mjini, na mimi nilitaka kwenda Marangu nikiwa na habari. Nilijiambia kwamba maombi yanaweza kusubiri wiki tatu, lakini Krismasi haisubiri. Kabla ya kufika nyumbani, mjomba wangu alikuwa amekwisha kujitangaza mwenyekiti wa kamati, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilikuwa kimejaa ahadi za michango. Siku ya sherehe palikuwa na turubai, mbege, spika mbili kubwa, na ndafu aliyesimamishwa mezani akiwa na majani mdomoni. Wazee waliniombea. Shangazi alinikabidhi sanduku jipya la safari lenye magurudumu manne. Mjomba akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba kuanzia siku ile nisiitwe tena kwa jina langu, niitwe Mjerumani, na watu wote wakapiga vigelegele. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeuliza kama viza ilikuwa imetoka. Mimi mwenyewe sikutamani kuulizwa.

Katikati ya Januari nilirudi Dar es Salaam, nikawasilisha maombi, nikalipa ada ya yuro 75, na siku chache baadaye nikampelekea bosi wangu notisi ya mwezi mmoja. Yapo mambo mengine ya kuchosha, kama picha, bima, na hati ya kiapo kwa sababu cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu na cha chuo hakina. Hayo yalikwenda salama, basi nayaruka.

Februari ilikuja barua pepe yenye mambo mawili. La kwanza, mshahara wangu haukufikia kiwango cha mwaka, na nikitaka ninaweza kuomba maombi yangu yageuzwe kuwa ya kibali cha kawaida cha mtaalamu mwenye shahada, ambacho kwa mtu wa chini ya miaka 45 hakina kiwango maalumu cha mshahara, ilimradi malipo yasiwe duni kuliko yale ya Mjerumani anayefanya kazi ileile. La pili, walihitaji tathmini ya shahada yangu kutoka ZAB, ofisi iliyoko Bonn inayolinganisha elimu ya nje na ya Ujerumani. Mimi nilikuwa nimechapa ukurasa wa anabin, hifadhidata yao ya vyuo, unaoonyesha kwamba chuo changu kina alama ya H+. Sikuelewa kwamba alama ile inakitambua chuo tu, na kwamba shahada yenyewe nayo inapaswa kuonekana humo. Yangu haikuwamo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojiangusha mwenyewe. Nilikuwa nimepewa njia, tena kwa lugha ya upole. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu kwamba nakwenda kwa Kadi ya Buluu, na jina lile lilikuwa limeniingia kichwani. Nilijua kwamba mwenye Kadi ya Buluu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au 21 akiwa na Kijerumani cha ngazi ya B1, ilhali mwenye kibali cha kawaida husubiri miezi 36. Nikaona kukubali kibali cha kawaida ni kushushwa cheo. Nikajibu, kwa Kiingereza cha kujikweza ambacho siku hizi siwezi kukisoma hadi mwisho, kwamba mhandisi wa kiwango changu anastahili Kadi ya Buluu na kwamba wakati wa kusaini mkataba wangu ulitimiza masharti yote. Ukurasa wa anabin nikaupeleka tena, ule ule. Kwa mwajiri wangu sikusema neno, kwa kuwa niliogopa kuonekana mtu anayeomba nyongeza kabla hata ya kuripoti kazini. Nilikuwa tayari kubishana na serikali ya watu, lakini si kumwandikia bosi wangu mistari mitatu.

Machi nilinyimwa. Barua ilikuwa fupi na kila kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli.

Notisi yangu ilikuwa imekwisha kazini na meza yangu ilikuwa na mtu mwingine. Nilirudi kwa bosi wa zamani nikaomba kazi, naye akanipa mkataba wa miezi mitatu mitatu kwa malipo yaliyopungua kwa theluthi, chini ya kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma michoro. Nyumbani niliwaambia kwamba mambo yamechelewa kidogo. Mjomba alikuwa akiandika kwenye kikundi cha ukoo kila baada ya majuma mawili: "Mjerumani wetu yuko wapi? Au Ujerumani imehamia Ubungo?" Watu waliweka vicheko. Hata mimi niliweka kicheko. Sanduku la shangazi nililisukuma chini ya kitanda ili nisilione, lakini magurudumu yake yalikuwa yakigonga ukuta kila nilipogeuka usiku.

Wakati ule bado ilikuwapo njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya bila gharama, ndani ya mwezi mmoja tangu kunyimwa. Niliitumia vibaya kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Niliandika kurasa tatu kuhusu miaka yangu ya kazi, upungufu wa wahandisi unaoikabili Ujerumani, na jinsi nilivyoumizwa. Sikuambatanisha hata karatasi moja mpya. Wala sikufikiri kwamba anayeisoma barua ile hapimi machungu; anatafuta tarakimu iliyokuwa imekosekana, na ilikuwa bado imekosekana. Juni nikajibiwa vilevile. Tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani ikaifuta kabisa njia hiyo duniani kote, hivyo leo anayenyimwa anabaki kuomba upya au kufungua kesi katika mahakama ya utawala mjini Berlin. Nawaambieni hili ili msije mkajiwekea akiba ya mlango ambao haupo tena.

Hatimaye nilimpigia simu mwajiri wangu wa Leipzig na kumweleza yote, hata lile la barua pepe ya Februari. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini hukuniambia Februari?" Sikuwa na jibu. Ndani ya juma moja alinitumia mkataba mpya wa yuro 3,700 kwa mwezi, yaani 44,400 kwa mwaka. Miezi mitano ya aibu ilikuwa imesababishwa na mistari mitatu ambayo sikuiandika. Nililipa yuro 208 za tathmini ya ZAB na kusubiri karatasi yao. Yeye naye akafungua utaratibu wa haraka wa wataalamu katika ofisi ya wageni ya mji wake, ambao ada yake ni yuro 411, na ambao ukikamilika kule, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu na uamuzi ndani ya wiki tatu nyingine baada ya maombi kamili kupokelewa. Mwaka mmoja kabla sikujua kama utaratibu huo upo, na yeye hakuujua pia. Kampuni ndogo nyingi haziujui, kwa hiyo ni juu yako kuutaja. Viza ilitoka Septemba. Oktoba nilishuka Leipzig nikivuta sanduku la shangazi, na safari hii sikumuaga mtu zaidi ya mama.

Sikatai kwamba ninajivunia. Ninapotembea asubuhi kwenda kazini nikiwa na kadi ile mfukoni, kuna siku natamani mjomba angenipita barabarani. Siku nilipotuma picha ya kwanza kwenye kikundi aliandika "Hongera" na nukta. Bado hajaniita Mjerumani tena, na nimegundua kwamba hilo nalo linaniuma.

Sasa nirudi kwa dada yangu, na kwenu nyote mliosaini mkataba mwishoni mwa mwaka. Kwa mwaka 2026 kikomo cha pensheni ni yuro 101,400. Piga hesabu wewe mwenyewe: taaluma za kawaida zinadai 50,700, na zenye upungufu, ikiwamo ya kutengeneza programu, zinadai 45,934.20. Mshahara wa 44,500 ungepita vizuri Desemba. Leo hautoshi. Usibishane na tarakimu hiyo na usimwandikie mtu yeyote kuhusu tarehe uliyosaini. Mwandikie mwajiri wako leo, kwa adabu na bila kuzunguka, kwamba kiwango kimepanda na kwamba yuro 3,830 kwa mwezi zingetosha, kwa kuwa ukizidisha kwa 12 unapata 45,960. Bonasi isiyo na uhakika haitakusaidia, hivyo nyongeza iwe ndani ya mshahara wenyewe ulioandikwa kwenye mkataba. Halafu hakikisha kwamba fomu ya maelezo ya ajira anayoijaza mwajiri ina tarakimu hiyo hiyo, kwa maana nimeona watu wakirekebisha mkataba na kuisahau fomu.

Akikataa, omba kibali cha kawaida cha mtaalamu na usione haya. Tofauti kati ya miezi 27 na 36 ni miezi tisa. Mimi kwa kukikataa nilipoteza miezi sita, nikapoteza mshahara, na nikapoteza usingizi, wakati ningeweza kuingia Aprili kwa kibali cha kawaida na kuhamia Kadi ya Buluu nikiwa huku huku mshahara utakapopanda. Kiburi hakina mahali pa kujazwa kwenye fomu ile, ndugu zangu. Nimekitafuta.

Na shahada yako, itafute yenyewe kwa jina, si chuo tu. Nasema tena: shahada, si chuo. Kazini usitoe notisi mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti na wewe uwe umekwisha kuisoma tarehe zake kwa macho yako, kwa sababu hao wanaokupigia vigelegele leo hawatakulipia kodi ya nyumba mwezi wa tatu. Soma tarehe kwenye mkataba, kwenye tangazo la viwango na kwenye kila barua pepe, tena soma siku unayotuma maombi, si siku uliyosaini.

Haya yote nilimwandikia dada yule, na mwisho nikamsihi aahirishe sherehe. Jana usiku amenijibu. Mwajiri ameahidi kumpa jibu Jumatatu. Kuhusu sherehe ameandika mstari mmoja tu: "Kadi zimeshachapwa, kaka, na mwenyekiti wa kamati ni baba mkubwa."