Swali la lugha: Je, "tofauti ya ndani" ni Kiswahili cha hisabati?

Swali: Ninafundisha hisabati sekondari na mara nyingi hufafanua kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyetakiwa kueleza jinsi kanuni ya mnyororo (njia ya kutafuta kasi ya badiliko la fanksheni iliyobeba nyingine ndani yake) inavyotumika kwa y = e^(3x²) aliandika: "Tunatofautisha kipeuo, kisha tunazidisha kwa tofauti ya ndani." Jibu lake, 6x·e^(3x²), ni sahihi. Je, sentensi yake nayo ni sahihi?

Jibu: Sivyo, ingawa kosa la kwanza ni dogo. Kipeo na kipeuo hufundishwa pamoja tangu shule ya msingi, na huenda ndiyo sababu huchanganywa: 9 kwa kipeo cha pili ni 81, ilhali kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Hapa 3x² ni kipeo, neno lililo ndugu wa upeo, na kweli limekaa juu ya e.

Hata hivyo, tukisahihisha neno hilo tu, sentensi huzidi kupotosha, kwa sababu kipeo ndicho hicho hicho "cha ndani". Anayeifuata neno kwa neno atazidisha 6x kwa 6x na kupata 36x², jambo ambalo mwanafunzi wako, kwa bahati njema, hakulifanya.

Kosa zito ni "tofauti". Neno moja laweza kutumika katika taaluma mbili bila kuleta utata, kama mzizi wa mti na mzizi wa kitenzi, lakini ndani ya hisabati tofauti tayari ni jibu la kutoa: tofauti ya 9 na 4 ni 5. Kutofautisha, nako, ni kubainisha hiki na kile, wala si kutafuta kasi ya badiliko. Wako wanaopendelea kusema kunyambua badala ya kutofautisha. Nalipenda neno hilo, ila wanafunzi wameshalizoea katika sarufi, ambako piga hunyambuliwa kuwa pigia na pigiana. Mimi ningebaki na "kutafuta derivativu", yaani hiyo kasi ya badiliko, na kuandika hivi:

"Tunatafuta derivativu ya fanksheni ya nje huku kipeo kikiachwa kama kilivyo, nayo ni e^(3x²) ile ile, kisha tunaizidisha kwa derivativu ya kipeo, yaani 6x."

Maneno "ile ile" yatumike kwa e peke yake. Kama namba inayobeba kipeo ni 2, derivativu ya nje huzidishwa pia kwa logi asilia ya 2, na jibu huwa 6x·2^(3x²)·ln 2.