Kwa unayeanza kuandikia halmashauri maombi ya fedha za kufufua miji Uingereza

Siku utakayoambiwa mfuko mpya wa serikali kuu umefunguliwa, kama ndiyo kwanza unatafuta mradi, umeshachelewa. Muda wa kuomba huwa mfupi, lakini yanayoulizwa hayapatikani kwa haraka: jengo ni la nani, kibali cha ujenzi kimefikia wapi, makadirio ya gharama ni ya lini. Kushindanisha halmashauri si jambo la jana. Michael Heseltine, waziri wa mazingira wakati huo, alilianzisha mwaka 1991 kwa mfuko wa kufufua miji ulioitwa City Challenge, na kila aliyeshinda alipata pauni milioni 37.5 za miaka mitano. Majina ya mifuko hubadilika na mawaziri, maswali ni yale yale.

Halafu zoea kukosa. Awamu ya pili ya Levelling Up Fund, mfuko wa serikali kuu wa kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma, ilipokea maombi zaidi ya 500. Januari 2023 miradi 111 ikapewa pauni bilioni 2.1, wakati jumla iliyoombwa ilikuwa kama bilioni 8.8. Kilichouma zaidi ni kwamba waliopata awamu ya kwanza waliachwa nje kwa uamuzi uliofanywa maombi yakiwa yameshapelekwa, na washauri wameshalipwa. Andy Street, meya wa West Midlands wakati huo, alisema hadharani kuwa utaratibu huu ni wa kutembeza bakuli. Nakubaliana naye kabisa, ila mshahara wako unatoka kwenye bakuli hilo hilo.

Ndiyo maana nasema andiko lililokataliwa usilifungie kabatini. Novemba 2023, awamu ya tatu haikufungua maombi mapya: miradi 55 ilichaguliwa kutoka kwenye yaliyokataliwa, ikagawiwa kama pauni bilioni 1. Aliyeendelea kufuatilia kibali na kurekebisha bei alianza kazi. Aliyetupa faili alianza kutafuta nyaraka.

Jua pia mapema utakata nini. Katika Future High Streets Fund, mfuko wa kufufua mitaa ya maduka, Desemba 2020, ilichaguliwa miji 72. Ni 15 tu iliyoahidiwa fedha zote ilizoomba, na 57 ikaahidiwa pungufu. Mradi ambao ukiondoa ghorofa moja unaporomoka wote, usiupeleke.

Mbunge mtafute mapema, kwa sababu Levelling Up Fund ilimruhusu kuunga mkono ombi moja tu kama kipaumbele chake, na huenda jimbo lake limegawanyika kati ya halmashauri mbili. Lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni mkuu wa fedha wa halmashauri yenu, ambaye bila saini yake ombi haliendi. Usimpelekee karatasi siku ya mwisho. Hatauliza habari za uwiano wa faida na gharama uliokesha ukiukokotoa. Atauliza bei ya chuma ikipanda, nani atalipa ziada. Jibu ni halmashauri, na kiasi hicho kiwe kimeshaandikwa kwenye bajeti.